Mgeni Asiyepewa Jembe: Uhuru na Dhamiri katika Ukumbi wa Nautilus

Utangulizi

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi. Je, mtu aliyepewa kila kitu kizuri isipokuwa ruhusa ya kuondoka, amekirimiwa au amefungwa? Na iwapo amefungwa, raha anayoionja ndani ya kifungo hicho inamtia hatiani kwa kiasi gani? Swali hili linachunguzwa hapa kupitia chumba kimoja tu, nacho ni ukumbi mkuu wa nyambizi iitwayo Nautilus katika riwaya ya Jules Verne, Vingt mille lieues sous les mers, iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida moja la Ufaransa kuanzia Machi 1869 hadi Juni 1870.

Riwaya hii aghalabu husomwa kama hadithi ya safari na mitambo, na mara nyingi huachiwa vijana. Usomaji wa aina hiyo una haki yake, lakini hupita mbio mahali ambapo msimulizi mwenyewe hupenda kukaa. Profesa Aronnax, mtaalamu wa historia ya viumbe kutoka Paris, mtumishi wake Conseil, na mpiga chusa wa Kanada aitwaye Ned Land, wanatumbukia baharini Novemba 1867 wakati manowari ya Marekani inapomwinda mnyama adhaniwaye kuwa nyangumi wa ajabu. Mnyama huyo anabainika kuwa chombo cha chuma kisafiricho chini ya maji. Nahodha wake, Nemo, anawapokea watu hao watatu kwa sharti moja kuu: hawatarudi tena nchi kavu. Tangu hapo hadi Juni 1868, ulimwengu wa msimulizi unazunguka ukumbi huo. Ndimo anamosoma, anamoandika, anamozungumza na mwenyeji wake, na, kama itakavyoonyeshwa, ndimo anamoshuhudia mauaji.

Hoja ya makala haya ni kwamba kosa la Aronnax si kuupenda ukumbi ule. Kosa lake ni kuyaachia mapenzi hayo yawajibie wenzake swali ambalo kila mmoja wao alistahili kulijibu mwenyewe.

Chumba na Vitu Vyake

Verne anakipima chumba hiki kwa makini ya fundi. Kina urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 5, ndani ya chombo chenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 8 tu. Ukutani zimetundikwa picha zipatazo 30 za wachoraji wakuu, tangu Raphael na Leonardo da Vinci hadi Delacroix na Ingres. Katikati, maji yanaruka kutoka katika kombe la chaza lenye mzingo wa mita 6 hivi. Makabati ya vioo yamejaa lulu, matumbawe na makombe ya bahari zote. Kipo kinanda kikubwa na juu yake nota za Mozart, Beethoven na Wagner. Mlango mmoja waelekea kwenye maktaba yenye vitabu 12,000. Juu ya yote, dari inatoa mwanga wa umeme laini usiochosha macho.

Msomaji aliyezijua nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki hatakawia kukifananisha chumba hiki na sebule. Ulinganisho huo unafaa, hasa kwa sababu unaidhihirisha kasoro. Sebule huwa karibu na mlango. Mgeni hukirimiwa humo, akapewa kilicho bora nyumbani, kwa kuwa njia aliyojia ndiyo atakayorudia. Heshima ya chumba hicho inautegemea mlango huo. Ukumbi wa Nautilus una adabu zote za sebule, ila hauna mlango wa nje.

Vitu vyenyewe navyo vina sifa moja ya pamoja, nayo ni kwamba vimetolewa katika wakati. Nemo anamweleza Aronnax kwamba ulimwengu ulimalizikia siku Nautilus ilipozama kwa mara ya kwanza. Siku hiyo alinunua vitabu vyake vya mwisho na magazeti yake ya mwisho. Watunzi wa muziki, wa kale na wa juzi, kwake wote ni wa zama moja na Orpheus, kwa sababu katika kumbukumbu za wafu tarehe hufutika, na yeye anajihesabu kuwa mmoja wa wafu hao. Katika maktaba, vitabu vya lugha zote vimechanganywa pasi na kubaguliwa. Taaluma moja tu haimo: uchumi wa kisiasa umepigwa marufuku chomboni.

Pengo hilo halikuwekwa kwa bahati. Uchumi wa kisiasa, hata ukiandikwa vibaya, huuliza kitu kilichopo kimetoka wapi, kimegharimu nini na ni nani aliyelipa. Picha iliyotolewa katika wakati haiulizi hivyo. Kwa kuiondoa taaluma moja, Nemo ameufanya ukumbi mzima uwe mahali ambapo uzuri hauna deni.

Mwenyeji, Mgeni na Mfungwa

Ni haki kuisikiliza hoja ya Nemo ikiwa katika nguvu zake. Anasema kwamba watu hawa walikuja wakiwa upande wa waliomshambulia, na kwamba angeweza kuwaacha wafe maji bila ya kuvunja sheria yoyote anayoitambua. Wamekwisha kuijua siri ya maisha yake, hivyo kuwarudisha ni kujitoa yeye mwenyewe kwa maadui zake. Kisha, uhuru anaowapa ni ule ule alio nao yeye na mabaharia wake: kutembea, kutazama na kuchunguza kila kitu, isipokuwa saa chache ambapo huenda wakatakiwa kukaa vyumbani mwao. Aronnax anapomjibu kwamba huo ni uhuru wa mfungwa kuzunguka gereza lake, Nemo hababaiki. Wala hamtaki Ned Land aape kwamba hatatoroka. Baadaye, Aronnax anapolitamka neno utumwa waziwazi, Nemo anamwambia kwamba haki ya mtumwa ya kuutafuta uhuru wake hajamnyima mtu.

Hoja hii ina uthabiti wake. Haidai shukrani wala haijifichi nyuma ya wema. Hata hivyo, inageuza maana ya ugeni. Waswahili wana methali mbili zinazofaa kuwekwa pamoja hapa. Ya kwanza ni, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ya kwanza inamtimilia Nemo barabara. Mtu aliyekusanya hazina asizo na wa kumwonyesha anapata nafuu anapomwona Aronnax akisimama kwa mshangao mbele ya kila kabati. Vitabu vya Aronnax mwenyewe vilikuwamo maktabani kabla ya mwandishi wao kufika. Kwa maana hiyo, mgeni huyu alikuwa akingojewa.

Methali ya pili hufasiriwa mara nyingi kuwa ni kinga dhidi ya mgeni mvivu. Lakini ina tafsiri nyingine iliyo nzito zaidi. Anayepewa jembe anahesabiwa. Amepata sehemu katika kazi, kwa hiyo amepata sauti katika mavuno. Asiyepewa jembe siku ya tatu, wala ya thelathini, wala haruhusiwi kuondoka, amewekwa katika hali isiyokuwa na jina katika adabu za watu. Si mgeni, kwa kuwa hawezi kuaga. Si mwenyeji, kwa kuwa hana neno juu ya chombo kiendako. Anakuwa kama mojawapo ya vitu vya ukumbini: kimetunzwa, kimepangusiwa vumbi, na kimefungiwa kabatini.

Wageni Watatu

Katika kuwasawiri wafungwa watatu, Verne ameonyesha kwamba ukumbi haumfungi kila mtu kwa kamba moja. Aronnax ni msomi, na kwake kila dirisha linapofunguliwa bahari inakuwa kitabu. Conseil ni bingwa wa kuainisha samaki kwa makundi na koo zao. Anachokipenda bwana wake anakipenda. Ned Land anawajua samaki kwa kuwavua na kuwala. Kwake ukumbi ni chumba tu, na picha ni picha. Yeye ndiye pekee ambaye tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho anasema jambo moja lisilobadilika: anataka kwenda kwao.

Yamkini msomaji wa chuo kikuu atamdharau Ned kwa hilo, kama Aronnax anavyoelekea kumdharau mara kwa mara. Lakini linalostahili kuulizwa ni kwa nini uhuru umwonekane wazi yule asiyekuwa na faida ya kuutilia shaka. Ned si mwerevu kuliko profesa. Tofauti yao ni kwamba yeye hakulipwa. Aronnax analipwa kila siku kwa sarafu anayoithamini kuliko zote, yaani maarifa. Anakiri kwamba sasa anaweza kuandika kitabu cha kweli juu ya bahari, na kwamba fursa kama hii haitarudi. Ned anapomtaka shauri la kutoroka, profesa anaahirisha. Hoja za kuahirisha hazimwishi: pwani iko mbali, bahari imechafuka, wakati haujafaa. Kila hoja peke yake ina ukweli. Zikijumlishwa, zinakuwa uongo.

Tukio la Februari 1868 linalidhihirisha hilo. Mpango wa kutoroka karibu na pwani ya Hispania umekwisha kupangwa na Ned. Aronnax anaingia ukumbini kuuaga. Anavitazama vitu vile kama mtu aliye katika mkesha wa kwenda uhamishoni daima. Hapa lugha imepinduka: anayekaribia kurudi kwao anajiona anahamishwa. Usiku huo mpango unavunjika, kwa kuwa Nautilus inatua katika ghuba ya Vigo, mahali ambapo merikebu za Hispania zilizosheheni dhahabu zilizama mwaka 1702, na Nemo anamwonyesha mgeni wake chanzo cha utajiri wake.

Conseil naye anastahili neno moja. Katika majadiliano ya awali juu ya kutoroka, anapoulizwa rai yake, anajibu kwamba hana rai, kwa kuwa yuko katika utumishi wa bwana wake. Ned anaamua basi kwamba Conseil hayupo, na mjadala uendelee baina ya wawili. Verne ameuandika mzaha huo kwa wepesi, lakini ndani yake mna tuhuma. Aronnax hakumnyima mtumishi wake sauti kwa ukali. Alimzoesha tu, kwa miaka 10, kutokuwa nayo. Kwa hiyo profesa anayelalamika kwamba hakuulizwa na Nemo naye ana mtu ambaye hakumuuliza.

Sururu Chini ya Barafu

Jembe la methali linatokea mara moja katika riwaya hii, na linatokea kwa maana yake halisi. Machi 1868, ikirudi kutoka Ncha ya Kusini, Nautilus inanaswa katika handaki la barafu. Hewa haitoshi siku nyingi. Njia pekee ya kuokoka ni kuichimba barafu iliyo chini ya chombo, unene wa mita 10, kwa sururu, zamu kwa zamu, wachimbaji wakiwa wamevaa mavazi ya kuzamia. Ned Land anajitolea papo hapo. Aronnax na Conseil wanachimba. Nemo mwenyewe anachimba, tena wa kwanza kuingia na wa kwanza kutii zamu inapokwisha. Kwa siku hizo chache hakuna mwenyeji wala mfungwa. Kuna watu wanaogawana hewa.

Katika kilele cha dhiki hiyo, Aronnax yuko juu ya kochi la maktaba akiwa nusu mfu, akitweta. Vitabu 12,000 vimemzunguka, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumpa pumzi. Wanaompa ni Ned na Conseil. Katika chombo kimojawapo cha kuzamia mlikuwa mmebaki hewa kidogo, nao badala ya kuivuta wenyewe, wanampa yeye tone kwa tone. Anapozinduka, anakiri kwamba amefungamana nao daima, na kwamba wana haki juu yake. Ned, ambaye hana desturi ya kupoteza nafasi, anamwambia kwamba ataitumia haki hiyo siku atakapoondoka. Profesa anakubali.

Hapa ndipo dhamiri ya Aronnax inapogeuka, na inafaa kuzingatiwa kwamba haikugeuzwa na kitabu wala na picha. Ilichoshindwa kufanywa na miezi ya mazungumzo ya kistaarabu ukumbini kilifanywa na sururu na pumzi za wenzake. Jembe ndilo lililomfanya awe mmoja wao. Na kwa upande wa Nemo, jambo la kusikitisha ni kwamba barafu ilipopasuka, alilirudisha jembe ghalani. Wageni walirejeshwa ukumbini kuwa wageni.

Dirisha

Ukumbi hauna mlango wa nje, ila una madirisha. Vibao vya chuma vinapofunguka, vioo vikubwa pande mbili vinaigeuza bahari kuwa tamasha. Kwa kupitia vioo hivyo Aronnax ameona mengi mema. Februari 1868, karibu na kisiwa cha Krete, alimwona mpiga mbizi akitokea nje ya kioo, Nemo akampungia mkono, kisha akafungua kabati humo humo ukumbini na kutoa mikuo ya dhahabu iliyopelekwa pwani usiku. Wakati huo Wakrete walikuwa wameasi dhidi ya utawala wa Kituruki tangu 1866. Kwa hiyo Nemo hakuuacha ulimwengu kabisa kama anavyodai. Katika pwani ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, aliyahatarisha maisha yake kumwokoa mzamia lulu maskini kutoka kinywani mwa papa, akampa mfuko wa lulu. Mhakiki asiyeyatia mambo haya mizanini atakuwa amemdhulumu.

Lakini ni kwa dirisha hilo hilo ambapo, Juni 1868, Aronnax anaiona manowari isiyojulikana ya taifa gani ikizama baada ya kutobolewa na pembe ya Nautilus. Anakimbilia ukumbini na kumkuta Nemo amesimama kimya akitazama. Mabaharia wanapanda milingotini, wanang'ang'ania kamba, maji yanawafuata. Profesa anatazama pia. Hawezi kuondoa macho. Chumba kilichomfundisha kutazama kwa makini kila kiumbe kilichopita mbele ya kioo sasa kinamtaka awatazame watu kwa namna ile ile.

Uchumi uliofukuzwa maktabani umerudi kwa njia ya dirishani. Umeme unaoangaza picha za Raphael ndio ule ule uliousukuma mtambo kuelekea ubavu wa merikebu. Haukuwapo ukumbi mmoja wa sanaa na chombo kingine cha vita. Nemo anajitetea kwamba yeye ni sheria na ni hukumu, kwamba waliomdhulumu walimwua mke, watoto na wazazi. Madhila hayo hayakanushiki. Verne mwanzoni alinuia kumfanya Mpolandi aliyedhulumiwa na Urusi, mchapishaji wake Hetzel akapinga. Katika L'Île mystérieuse, iliyotoka baina ya 1874 na 1875, alimfanya mwana wa mfalme wa Bundelkhand nchini India, aliyepoteza kila kitu katika maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Kwa msomaji wa nchi iliyowahi kutawaliwa, hasira hiyo haihitaji mkalimani. Hata hivyo, mabaharia waliokuwa milingotini hawakuulizwa walikuwa akina nani. Nao walihukumiwa bila ya kupewa sauti, kama Conseil, kama Ned.

Pingamizi na Hitimisho

Huenda pingamizi likatolewa kwamba, lau Aronnax angetoroka mapema, kitabu chake kisingeandikwa, na maarifa yangepotea. Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu. Maarifa yanaweza kumstahilisha mtu kuhatarisha uhuru wake mwenyewe, na Aronnax angekuwa peke yake, pasingekuwa na wa kumlaumu. Hayamstahilishi kuuweka rehani uhuru wa mtu mwingine asiyekubali. Tena, maarifa yasiyokuwa na mlango wa nje hayafiki popote. Nemo mwenyewe ameandika utafiti wake wote katika lugha kadhaa, akakusudia utiwe katika chombo kidogo kisichozama, utupwe baharini na yule atakayekuwa wa mwisho kuwa hai. Huo ni usomi usiotaka kuulizwa swali na msomaji yeyote.

Fasihi ya Kiswahili inalo jumba lake kubwa la tafakuri. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayaomboleza majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, ambayo sasa ni makao ya popo na bundi. Uzito wa maombolezo hayo unatokana na watu walioingia na kutoka humo, ambao sasa hawapo. Ukumbi wa Nautilus umegeuza utaratibu huo. Taa zingali zinawaka, vyombo viko mahali pake, vumbi halijagusa kitu, na hata hivyo ni gofu tangu siku ya kwanza. Katika L'Île mystérieuse, Nemo anafia katika ukumbi huo huo, na kwa ombi lake chombo kinazamishwa naye, pamoja na picha zote.

Usiku wa kutoroka, Aronnax hana njia nyingine ila kuupitia ukumbi. Una giza. Nemo yumo, anapiga kinanda. Profesa anatambaa juu ya zulia, hatua kwa hatua, dakika tano nzima, hadi kwenye mlango wa maktaba. Mara Nemo anainuka na kupita karibu naye, mikono amekunja kifuani, analia, akimwomba Mungu kwamba sasa basi, yatosha. Aronnax anasikia, wala hasimami. Anaipita maktaba, anapanda ngazi, anawakuta Ned na Conseil wakimngojea katika mashua.

Walimngojea. Mpiga chusa aliyekuwa akiitafuta pwani kwa miezi yote hiyo hakuondoka bila ya msomi aliyemchelewesha.